Urafiki kwa Njia ya Posta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Darwin, Hooker, Wallace na Wenzao

Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba Charles Darwin alipanda meli, akaona ndege wa visiwa vya Galapagos, akarudi kwao akaandika kitabu. Kinachorukwa ni miaka 23 kati ya kurudi kwake mwaka 1836 na kuchapishwa kwa kitabu hicho, kuhusu asili ya spishi (aina za viumbe), mwaka 1859. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha kijijini, amekaa kitini, akiandika barua na kuzisubiri. Majibu haya ni kwa wanaouliza barua hizo zilikuwa za nini, na akina nani waliandikiana.

Enzi ya Victoria ni ipi, na hawa wachunguzi wa maumbile walikuwa watu gani?

Ni miaka ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, 1837 hadi 1901. Mchunguzi wa maumbile alikuwa mtu yeyote aliyekusanya, kuchora na kueleza mimea, wanyama, wadudu au miamba. Wachache tu walilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Wengine walikuwa madaktari wa meli, wachungaji wa kanisa, wafugaji wa njiwa, mafundi, mabibi wa nyumbani. Darwin mwenyewe hakuwahi kuajiriwa na chuo chochote. Aliishi kwa mali ya familia.

Kwa nini waliandikiana badala ya kukutana?

Sababu ya kwanza ni posta yenyewe. Kabla ya 1840, barua nchini Uingereza ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Fikiria kuandikiwa na mtu usiyemjua, halafu udaiwe wewe! Januari 1840 serikali ilifuata mapendekezo ya Rowland Hill: barua nyepesi iende popote nchini kwa peni moja. Mwezi Mei mwaka huo ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika. Kuanzia hapo fundi wa Northampton aliweza kumwandikia bwana mkubwa wa Kent bila kumwingiza gharamani.

Sababu ya pili ni ya Darwin mwenyewe. Alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote ya utu uzima: kichefuchefu, kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio, uchovu. Mazungumzo ya saa moja na mgeni yaliweza kumlaza. Septemba 1842 yeye na mkewe Emma walihamia Down, kijiji cha Kent kilicho kilomita kama 25 kutoka katikati ya London, na humo akabaki hadi kufa. Hakuwa mpweke, kwa sababu dunia ilimjia ndani ya bahasha. Asubuhi, baada ya kazi yake ya kwanza, alipumzika huku akisomewa barua, alasiri alizijibu.

Urafiki wa Darwin na Joseph Hooker ulianzaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana kwangu huu ndio moyo wa jambo lote.

Joseph Dalton Hooker, aliyezaliwa 1817, alikuwa mtoto wa William Hooker, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew. Mwaka 1839 aliondoka akiwa daktari msaidizi wa meli Erebus kwenda bahari za kusini kabisa. Kabla ya safari alipata kurasa za majaribio za kitabu cha safari cha Darwin, naye akawa analala nazo chini ya mto ili azisome mara tu anapoamka. Aliporudi mwaka 1843, Darwin alimwandikia kumkaribisha nyumbani na kumwomba aitazame mimea iliyotoka Galapagos, ambayo ilikuwa imekaa miaka bila kushughulikiwa. Hooker akaipokea kazi.

Wiki chache baadaye, tarehe 11 Januari 1844, Darwin alimwandikia jambo ambalo hakuwa amelitangaza popote: kwamba karibu ameshasadiki kuwa spishi hubadilika. Akaongeza, ndani ya mabano, kuwa kulisema hilo ni kama kukiri kuua mtu. Wakati huo walikuwa hawajafahamiana kwa kina. Barua zao bado zilikuwa na heshima za watu wasiozoeana.

Hooker hakushtuka, na wala hakukubali kwa haraka. Alijibu kwamba huenda mabadiliko yalitokea, na angefurahi kusikia Darwin anadhani yalitokeaje, kwa kuwa maelezo yaliyokuwapo hayakumridhisha. Jibu hilo fupi lilifungua mlango wa miaka karibu 40 na barua zipatazo 1,400 kati yao. Miaka kumi na zaidi Hooker alipinga, akauliza, akaleta mifano migumu ya mimea ya visiwa vya mbali. Mwaka 1845 aliandika, akimlenga mwandishi mwingine, kwamba hana haki ya kulipima suala la spishi mtu ambaye hajaeleza spishi nyingi kwa undani. Darwin alijiona ameguswa yeye. Mwaka uliofuata akaanza kuchunguza viumbe wenye magamba wanaoganda kwenye miamba ya bahari na matumbo ya meli, kazi iliyomchukua miaka minane.

Yalikuwapo pia mambo ya nyumbani. Mwaka 1855 Darwin alilowesha mbegu katika maji ya chumvi ili ajue kama zinaweza kuvuka bahari na bado zikaota. Hooker alitazamia zife. Watoto wa Darwin wakawa wanauliza kila mara kama baba atamshinda Dakta Hooker! Na mwaka 1859, Darwin alipompelekea Hooker sehemu ya mswada wa kitabu chake kikuu aipitie, karatasi hizo ziliwekwa kimakosa kwenye droo ya karatasi za kuchorea watoto. Watoto wa Hooker wakazichora. Karibu robo yake ikapotea, na kama Darwin asingekuwa na nakala ya zamani, kazi ingerudi nyuma sana. Urafiki haukutikisika.

Tarehe 28 Septemba 1863 binti wa Hooker aitwaye Minnie, mwenye miaka sita, alifariki. Saa moja baada ya mtoto kukata roho, Hooker alishika kalamu akamwandikia Darwin, akisema kwamba katika msiba huo anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Alijua anamwandikia nani. Darwin alikuwa amemzika Annie wake, mwenye miaka kumi, mwaka 1851. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na kila mara inanisimamisha. Waliokuwa wakibishana juu ya mbegu na visiwa walikuwa pia wazazi waliofiwa.

Waliitanaje kwenye barua?

Mwanzoni "Bwana Mpendwa", halafu "Bwana Wangu Mpendwa", kisha, ukaribu ukikua, "Hooker Wangu Mpendwa". Msomaji wa kwetu anaweza kuona baridi katika kuitana kwa jina la ukoo tupu. Kwa wanaume wa Uingereza wa wakati ule ilikuwa kinyume: kuondoa "Bwana" ndiko kulikokuwa kumkaribisha mtu ndani, kama sisi tunavyotoka kwenye "Mheshimiwa" tukafika "ndugu yangu". Jina la kwanza liliachiwa familia.

Bahasha zilibeba nini zaidi ya maneno?

Mbegu, wadudu waliokauka, manyoya, maua yaliyobanwa, picha, hata uchafu. Mfano ninaoupenda unatoka Afrika. Huko Natal, Afrika Kusini, palikuwa na wakulima walioamini kwamba nzige huleta mbegu za majani mabaya mashambani kwao. J. P. Mansel Weale alitia kinyesi kikavu cha nzige ndani ya barua akampelekea Darwin. Darwin alikichambua kwa hadubini, akatoa mbegu kadhaa, akazipanda. Ikaota miche saba ya nyasi ya aina mbili! Kauli ya wakulima wa Natal ikapata ushahidi kwenye chungu cha udongo huko Kent, na Darwin akaiingiza katika toleo la baadaye la kitabu chake.

Mwingine ni wa Madagaska. Januari 1862 James Bateman, mkuzaji wa okidi, alimpelekea Darwin okidi nyeupe zenye mrija wa mbochi wa urefu wa karibu sentimita 29, na mbochi iko chini kabisa mwa mrija. Darwin alimwandikia Hooker kwa mshangao: ni mdudu gani awezaye kuinyonya? Mwaka huohuo alichapisha dai kwamba Madagaska lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Mwaka 1867 Wallace, mchunguzi mwenzake, alimuunga mkono, akionyesha kwamba nondo mmoja wa bara la Afrika alikuwa na ulimi unaokaribia. Mwaka 1903, Darwin akiwa kaburini miaka 21, nondo wa Madagaska alielezwa rasmi akapewa jina la *praedicta*, yaani aliyetabiriwa.

Mimea hai ilisafiri melini katika masanduku ya kioo yaliyofungwa, ubunifu wa daktari Nathaniel Ward. Ndani yake unyevu ulizunguka wenyewe na chumvi ya bahari haikuingia.

Je, ni kweli Darwin alimwibia Wallace?

Swali hili huulizwa kuliko yote. Kwa maoni yangu jibu ni hapana, ila kuna jambo halikukaa sawa.

Alfred Russel Wallace aliacha shule akiwa na miaka 14. Hakuwa na mali. Alijikimu kwa kuuza vielelezo vya ndege na wadudu kupitia wakala wake wa London, Samuel Stevens. Februari 1858 alikuwa katika visiwa vya Maluku, huko ndiko asili ya karafuu. Akiwa ameshikwa na homa za vipindi, aliwaza jinsi viumbe wengi wanavyokufa na wachache wanaofaa wanavyobaki. Homa ilipotulia aliandika insha, akaituma kutoka kisiwa cha Ternate kwa Darwin, ambaye walikuwa wameshaanza kuandikiana. Aliomba kwamba ikionekana ina maana, apelekewe mwanajiolojia Charles Lyell.

Darwin aliipata Juni 1858, akaona wazo lake la miaka 20 limeandikwa na mkono mwingine. Siku hizohizo mtoto wake mchanga, Charles, aliugua homa ya vipele vyekundu. Alifariki tarehe 28 Juni. Akiwa amechanganyikiwa kwa majonzi, Darwin aliwaachia Lyell na Hooker waamue. Wao walikusanya dondoo za andiko lake la 1844, barua aliyomwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, mwezi Septemba 1857, na insha ya Wallace. Vyote vikasomwa mbele ya Jumuiya ya Linnean, chama cha wachunguzi wa maumbile cha London, tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuwapo: siku hiyo walikuwa wanamzika mtoto. Wallace naye alikuwa mbali kabisa, Guinea Mpya, na hakuwa na habari.

Kwamba Darwin alikuwa nalo wazo zamani, ushahidi upo: Hooker aliisoma insha ya 1844 miaka mingi kabla, na maandishi yake ya penseli yako pembeni mwa kurasa. Lakini Wallace hakuombwa ruhusa, na maandishi ya Darwin yalisomwa kwanza. Marafiki walimlinda rafiki yao. Urafiki ndivyo ulivyo, na si haki kila mara kwa aliye mbali.

Wallace mwenyewe hakuwahi kulalamika. Barua zilipomfikia alimwandikia Hooker kushukuru, akamweleza na mama yake kwa furaha. Mwaka 1869 alimtunukia Darwin kitabu chake cha safari za Visiwa vya Malay, na mwaka 1889 akakiita kitabu kingine *Darwinism*. Wapo wanaoona huo ni unyonge. Mimi naona mtu aliyejua thamani yake na hakuhitaji kuipigania.

Waligombana?

Ndiyo, na barua za ugomvi zinafundisha sana. Mwaka 1869 Wallace alianza kusema kwamba akili ya binadamu haiwezi kuelezwa kwa uteuzi asilia, yaani lile wazo la wanaofaa kubaki, peke yake. Darwin alipodokezwa, alimwandikia kwamba anatumaini hajamuua kabisa mtoto wao wa pamoja, yaani nadharia yao. Wallace pia aliingia katika mambo ya kuita mizimu, na mwaka 1870 alikubali dau la pauni 500 na mtu aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa. Wallace alishinda, ila akavuna miaka ya matusi na kesi.

Mwaka 1879 Arabella Buckley, rafiki wa Wallace, alimweleza Darwin kuwa Wallace ana dhiki ya fedha. Darwin alitaka serikali impe pensheni. Alimuuliza Hooker, naye akakataa katakata: mizimu na lile dau vilikuwa vimemkera. Darwin akaliweka chini jambo lile. Baadaye akalichukua tena, akaandika hoja kwa msaada wa mwanabiolojia Thomas Huxley, akakusanya saini, na safari hii Hooker akakubali. Januari 1881 Waziri Mkuu Gladstone aliidhinisha pauni 200 kwa mwaka. Darwin alipozikwa Westminster Abbey mwaka uliofuata, Wallace, Hooker na Huxley walikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza.

Kulikuwa na urafiki uliokufa pia. Richard Owen, aliyechambua mifupa ya kale Darwin aliyoleta kutoka Amerika Kusini, aligeuka adui baada ya 1859. Mwanabiolojia St George Mivart alimshambulia kwa maandishi George, mtoto wa Darwin, mwaka 1874, na Darwin hakumsamehe.

Wote walikuwa wanaume wenye nafasi?

Hapana, ingawa vyama vya sayansi vilipenda ionekane hivyo. Jumuiya ya Linnean haikuchagua wanawake hadi 1904. Posta haikuwa na mlango wa kufungwa namna hiyo. Mary Treat wa New Jersey alimwandikia Darwin juu ya mimea inayokula wadudu, na alichokiona kilimfanya Darwin abadili mawazo juu ya mitego ya mmea mmoja wa majini. Lydia Becker wa Manchester alimpelekea maua; mwaka 1867 alipoanzisha chama cha elimu cha wanawake, alimwomba Darwin andiko la kusoma siku ya kwanza, naye akapeleka. Becker huyo baadaye aliongoza harakati za wanawake kudai kura. Kule Rasi, Afrika Kusini, Mary Elizabeth Barber aliwaandikia Hooker na Darwin juu ya mimea na vipepeo, na Darwin ndiye aliyewasilisha London andiko lake kuhusu pupa wa kipepeo wanaobadili rangi.

Na Waafrika na watu wa Asia, je, wamo?

Wamo, ila mara nyingi bila majina, na hili linaniuma. Mwaka 1867 Darwin alisambaza duniani orodha ya maswali juu ya jinsi watu wanavyoonyesha hasira, aibu, huzuni. Alipata majibu 36. Karibu yote yaliandikwa na wamisionari, maafisa na walowezi kuhusu watu wengine. Mmoja alijisemea mwenyewe: Christian Gaika, ndugu wa chifu Sandile wa Waxhosa, aliandika kwa Kiingereza maelezo ya nyuso za watu wake. Darwin alimtaja kwa jina kitabuni.

Kuna John Edmonstone, aliyekuwa mtumwa Guyana akapata uhuru, ambaye alimfundisha Darwin kukausha ndege huko Edinburgh mwaka 1826. Bila ujuzi huo, ndege wa Galapagos wangeoza. Kuna Ali, kijana wa Sarawak, aliyemhudumia Wallace kwa miaka na kumletea ndege wa ajabu ambaye leo ana jina la Wallace, wala si la Ali.

Kwetu pwani, fungu kubwa la barua lilitoka Unguja. John Kirk, daktari na baadaye balozi wa Uingereza tangu 1866 hadi miaka ya 1880, aliandikiana na Kew kwa miaka mingi, akituma mimea, na alipanda bustani Mbweni. Kima punju wa Zanzibar na digidigi mmoja wa bara wana jina lake katika sayansi. Miaka ya 1880 alituma pia vielelezo vya ua dogo la zambarau la Usambara, lakini havikutosha. Ilibidi mbegu zifike Ujerumani kutoka Tanga, ua likaelezwa mwaka 1893 kwa jina la Mjerumani aliyezituma, Saint Paul. Nani aliwaonyesha njia msituni? Watu wa Usambara wenyewe, ambao jina la ua halikuwagusa.

Barua hizo ziko wapi leo?

Nyingi ziko Cambridge, Kew na London. Zinazojulikana za Darwin peke yake ni kama 15,000, alizoandika na alizoandikiwa, na watu wapatao 2,000. Kazi ya kuzihariri ilianza 1974 na juzuu ya 30, ya mwisho, ilitoka 2023. Maandishi yake yanasomeka bure kwenye intaneti.

Zingekuwa nyingi zaidi. Darwin alizitunga barua kwenye vijiti vya chuma, na vijiti vilipojaa alizitia moto ili avitumie upya. Kwa namna hiyo karibu zote alizopokea kabla ya 1862 zilipotea. Nyingine alizikatakata, kila kipande kikaenda kwenye mada yake. Ndiyo maana mara nyingi tunasikia sauti yake tu.

Aliwajibu wote kweli?

Karibu wote, hata wapuuzi. Mwanawe Francis alisimulia kwamba barua isiyojibiwa ilimsumbua dhamiri. Alichapisha fomu ya kuwajibu wasumbufu, na karibu hakuitumia kamwe.

Februari 1882, akiwa na miaka 73 na moyo umechoka, aliandikiwa na Walter Drawbridge Crick, fundi viatu wa Northampton, aliyemkuta mbawakawa wa majini ana kombe mdogo amembana mguuni. Darwin alimrudishia maswali mengi: ukubwa gani, mguu upi, umeshikwa wapi? Alitaka kujua kama kombe husafiri hivyo kutoka bwawa hadi bwawa. Crick alimtumia mbawakawa mwenyewe kwa posta, na kombe wake. Habari hiyo ilitoka katika jarida la *Nature* tarehe 6 Aprili. Darwin alifariki tarehe 19. Mjukuu wa Crick, Francis, ni yule aliyegundua na mwenzake umbo la DNA, kemikali ya urithi, mwaka 1953. Mbawakawa alifika yu hai kwa shida, na Darwin alimweka chupani pamoja na majani ya mlori yaliyokatwakatwa, ili afe upesi na bila mateso.